Kibanda cha Magogo na Suali la Mtoto



Katika nyumba nyingi za Kiislamu siku hizi kuna kisanduku cha matofali madogo ya kuchezea. Aghalabu huletwa siku ya Idi, au hutumwa na mjomba aliyeko ng'ambo, na baada ya siku tatu matofali hayo huonekana chini ya viti, ndani ya viatu, na hata chini ya mto wa bibi. Wako wazee wasemao kwamba mchezo huu ni upuuzi mtupu, wapoteza wakati wa mtoto na fedha za baba yake. Wako na wengine wanaonunua kisanduku, wakampa mtoto, kisha wakageukia simu zao wakidhani wamekwisha timiza wajibu wa malezi. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea. Mchezo huleta faida pale mzazi anapokaa chini akacheza pamoja na mtoto wake, kwani hapo ndipo masuali yanapozaliwa, na suali la mtoto ni amana mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mwezi huu twataka kuwaelezeni jengo moja tulilolijenga nyumbani kwetu kwa matofali hayo, nalo ni kibanda cha magogo cha wahamiaji wa zamani wa Marekani, pamoja na msitu wake, ua wake na kisima chake. Tutaeleza namna ya kulijenga, ili vijana wapendao wajaribu. Kisha tutaeleza suali aliloliuliza mwanangu wa miaka 9 tulipokuwa tukiezeka paa, suali ambalo nusura nilijibu kwa uwongo.

MATOFALI YENYEWE

Matofali mashuhuri kuliko yote ya namna hii ni ya LEGO. Aliyeanzisha kazi hiyo ni seremala wa Denmark, Ole Kirk Christiansen, katika kijiji cha Billund. Mwaka 1932, dunia ilipokuwa katika dhiki kubwa ya biashara na watu hawana fedha za kujengesha nyumba, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1934 akalitunga jina hilo kwa maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, yenye maana ya "cheza vyema". Matofali ya plastiki yalianza mwaka 1949, lakini hayakuwa yakishikana sawasawa. Tarehe 28 Januari 1958 ndipo ulipoombewa hati ya haki mtindo tuujuao leo: vinundu juu, na ndani ya tofali mirija inayovibana vinundu vya tofali la chini. Tofali lililotengenezwa mwaka huo hushikana na tofali lililotengenezwa mwaka huu. Hilo ni funzo la kwanza kwa fundi yeyote: akikipima kitu kwa uaminifu, kitamfaa mtu asiyemjua.

Hesabu ya matofali haya nayo ni ajabu. Chukua matofali 6 tu ya rangi moja, kila moja lenye vinundu 8. Wataalamu wa hisabati wamehesabu kwamba yaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mtoto asemaye "sina la kujenga" aonyeshwe hesabu hii.

Hata hivyo, magogo ya kuchezea yalitangulia matofali ya plastiki. Mwaka 1916 Mmarekani John Lloyd Wright, mwana wa msanifu majengo Frank Lloyd Wright, alibuni vijigogo vya mbao vyenye mapengo ya kushikania, akaviita Lincoln Logs. Wakati huo alikuwa Tokyo pamoja na baba yake, aliyekuwa akisanifu hoteli kubwa ya mji huo, na yasemekana kwamba fikra ile aliipata kwa kuutazama msingi wa hoteli hiyo.

NYUMBA TUNAYOIIGA

Si vyema kuiga kitu bila ya kukijua. Nyumba za magogo zililetwa Marekani na watu wa Sweden na Finland, waliofika katika bonde la mto Delaware mwaka 1638. Kwao kulikuwa na misitu mingi na baridi kali, na huko walikofikia wakakuta misitu na baridi vile vile, basi wakajenga kama walivyozoea. Baadaye Wajerumani, na watu wa asili ya Scotland waliotoka Ireland, wakaujua ufundi huo wakauchukua magharibi, kila walikohamia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chumba kimoja. Mtu akikata miti kwa shoka, akiyachonga magogo mapengo katika ncha zake, kisha akiyapandanisha pembeni, gogo hili juu ya lile, hata kuta zikasimama bila ya msumari hata mmoja. Baina ya magogo hubaki mianya. Mianya hiyo huzibwa kwa vipande vya mbao, majani na udongo. Wasomaji wetu waliozaliwa katika nyumba za fito watafahamu mara moja, kwani huko ndiko kukandika. Paa liliezekwa kwa vibao vya mti uliopasuliwa. Dohani ilijengwa kwa mawe, na pasipo mawe kwa vijiti vilivyopakwa udongo. Kioo kilikuwa ghali, kwa hiyo dirisha liliwambwa karatasi iliyopakwa mafuta, ikapitisha mwanga na kuzuia upepo. Bawaba za mlango zilikuwa za ngozi. Komeo lilikuwa la mbao kwa ndani, na kamba yake ilipitishwa tunduni ikaning'inia nje: ikiwa nje, mgeni aivute aingie, usiku huvutwa ndani, mlango ukafungika.

Katika nyumba ya namna hiyo, huko Kentucky, ndimo alimozaliwa Abraham Lincoln tarehe 12 Februari 1809, akaja kuwa rais wa nchi yake mwaka 1861. Kwa sababu hii, na nyingine kama hizo, kibanda cha magogo kimekuwa kwa Wamarekani alama ya mtu aliyeinuka kutoka chini kwa jasho lake. Hata wanasiasa wakaitumia alama hiyo isivyo haki. Katika uchaguzi wa mwaka 1840 wafuasi wa William Henry Harrison walizungusha vibanda vya magogo katika maandamano yao, wakimsifu kuwa ni mtu wa kibandani, ilhali amezaliwa katika jumba kubwa la matofali huko Virginia.

NAMNA YA KUJENGA

Tafuteni ubao wa chini wenye vinundu 32 kwa 32. Kila kinundu huchukua milimita 8, basi ubao huo ni sentimita 25.6 kila upande. Nyumba iwe na urefu wa vinundu 16 na upana wa vinundu 12. Rangi iwe ya udongo wa kahawia. Yako matofali maalumu yenye uso wa mviringo mfano wa magogo, lakini hata yale ya kawaida yanatosha, na mwenye rangi mchanganyiko asione haya; msitu wa kweli nao hauna rangi moja.

Siri ya jengo iko pembeni. Katika mstari wa kwanza, kuta ndefu zitokeze kinundu kimoja kila ncha, ziwe 18, na kuta fupi ziingie baina yao, ziwe 10. Katika mstari wa pili geuzeni: kuta fupi zitokeze, ziwe 14, na kuta ndefu ziingie katikati, ziwe 14 nazo. Endeleeni hivyo hivyo kwa kupokezana hata mistari 8. Mtaona pembe zinavyopandana kama vidole vya mikono miwili, ndivyo hasa mafundi wa magogo walivyofanya. Vijana wapigeni hesabu: mstari wa kwanza ni 18 na 18 na 10 na 10, wa pili ni 14 mara nne. Yote miwili ni vinundu 56, basi mistari 8 ni vinundu 448, kabla ya kutoa nafasi ya mlango na madirisha. Mlango uwe na upana wa vinundu 4 na kimo cha mistari 6. Angalieni viungo visikutane, yaani mahali matofali mawili yanapokutania katika mstari mmoja pafunikwe na tofali zima katika mstari unaofuata. Ukuta wenye viungo vilivyokutana huanguka, uwe wa plastiki au wa mawe.

Apendaye kuonyesha udongo wa kukandika, aweke baina ya mstari na mstari vibao vyembamba vya rangi ya mchanga. Vibao 3 kimo chake ni sawa na tofali 1.

Kwa paa, tumieni matofali ya mteremko. Mstari wa kwanza utokeze nje ya ukuta kidogo, ili maji ya mvua, kama yangekuwapo, yasiteremkie magogoni. Kila mstari unaofuata uingie ndani kinundu kimoja kwa kila upande, hata pande mbili zikutane juu. Kuta fupi nazo zipande kwa kupungua hivyo hivyo. Juu ya kuta ndefu wekeni vibao laini visivyo na vinundu, mkiacha vinundu vichache tu vya kushikia, ili paa liweze kuondolewa na chumba kionekane. Dohani iwe ya rangi ya kijivu, upande wa ukuta mfupi, ipande kupita kilele cha paa. Dohani iliyo chini ya kilele hurudisha moshi ndani.

Kisha pambeni uwanja. Wekeni rundo la kuni na shoka, kwani katika nchi ya theluji nyumba isiyo na kuni ni kaburi. Wekeni kisima na ndoo, kipande cha shamba la mahindi, na visiki kadhaa. Msisahau visiki: kila gogo lililoko ukutani limeacha kisiki mahali fulani. Ua uwe wa mbao zilizopasuliwa, zilizolazwa kwa kupindapinda kulia na kushoto bila ya misumari.

Na asiye na matofali asihuzunike. Bei ya vitu hivi ni kubwa, na kujiingiza katika deni kwa ajili ya mchezo ni israfu. Vijiti vya njiti za makuti au mabua ya mtama, vilivyokatwa sawasawa na kushikanishwa kwa udongo, hujenga kibanda kilicho karibu zaidi na ukweli kuliko cha plastiki.

SUALI LENYEWE

Tulikuwa tumefika paani. Mwanangu alikuwa ameshika kibao mkononi, akautazama uwanja wote ule, msitu, kisima na ua, akaniuliza: "Baba, kabla ya hawa kuja, hapa palikuwa pa nani?"

Naungama mbele yenu, ndugu zangu, kwamba jibu lililonijia ulimini lilikuwa, "Hapakuwa na mtu, mwanangu, palikuwa msitu mtupu." Lilikuwa jibu jepesi, nalo lingalituwezesha kumaliza paa kabla ya Magharibi. Lakini nilijua kuwa si kweli. Nikaweka kibao chini.

Nikamweleza kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe, mataifa mengi yenye lugha zao, mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Nikamweleza kwamba tarehe 28 Mei 1830 Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha watu hao kwenda magharibi ya mto Mississippi. Miongoni mwao ni taifa la Cherokee, waliotolewa makwao mwaka 1838 hata 1839. Watu wapatao 16,000 walisafirishwa, wengi wao kwa miguu, katika jua na katika baridi, na inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Na kisha, tarehe 20 Mei 1862, Lincoln yule yule wa kibandani alitia sahihi sheria iliyompa kila mhamiaji ekari 160 za ardhi ya serikali, madhali ataishi juu yake na kuilima miaka 5. Sheria hiyo iliwainua maskini wengi. Lakini ardhi iliyogawiwa ilikuwa imekwisha toka mikononi mwa wengine, ama kwa mikataba isiyo sawa, ama kwa nguvu.

Mtoto akasema, "Hao walikuwa wakikaa katika mahema?" Kwani ndivyo alivyoona katika sinema. Nikamwambia kwamba Wacherokee wengi walikaa katika nyumba za magogo kama hii tuliyoijenga. Mmoja wao, Sequoyah, ambaye hakuwa akijua kusoma lugha yoyote, alitunga herufi za lugha yao akazikamilisha mwaka 1821, na katika miaka michache watu wake wakawa wanasoma na kuandika. Kibanda cha magogo alichokijenga kwa mikono yake mwaka 1829 kingali kimesimama mpaka leo huko Oklahoma, kimehifadhiwa.

Mwanangu akanyamaza. Kisha akauliza, "Basi tukibomoe?"

MSIKITI WA MADINA

Suali hili la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza, nami sikuweza kulijibu kwa akili yangu. Nikarejea katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.).

Alipohamia Madina, mahali ngamia wake alipopiga magoti palikuwa kiwanja cha kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Mtume akataka kujenga msikiti hapo, akawaita wale watoto ili awape thamani yake. Wao wakasema watakitoa bure. Lakini yeye hakukubali kukipokea kama zawadi, hata akakinunua kwao. Baada ya hapo ndipo ujenzi ulipoanza, naye mwenyewe (s.a.w.) akabeba matofali pamoja na Masahaba. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nguzo zilikuwa magogo ya mitende, na paa lilikuwa la makuti. Kwa umbo, nyumba ile tukufu ilikuwa duni kama kibanda chetu cha mezani.

Zingatieni basi, wasomaji. Hapakuwa na mtu Madina ambaye angemlaumu kwa kupokea kiwanja alichopewa kwa radhi. Na jengo lenyewe lilikuwa la ibada, si la starehe. Pamoja na hayo, haki ya mayatima ilitangulia tofali la kwanza. Na katika Hadithi zilizo sahihi ameonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri moja, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Ndugu zangu, onyo hili halikuja kwa ajili ya Wamarekani peke yao. Katika kila mji wetu kuna ukuta wa jirani uliosogezwa usiku, na kuna shamba la yatima lililoandikwa jina la ami yake.

Nikamwambia mwanangu, "Hatutakibomoa. Aliyekata magogo haya alifanya kazi ngumu, na watoto wake waliona baridi kama wewe ungaliona. Lakini hatutasema kwamba hapakuwa na mtu." Akafikiri, akachukua matofali ya kahawia yaliyobaki, akajenga upande wa pili wa kisima nyumba ya pili, ndogo, yenye pembe zile zile za kupandana. Akasema, "Hii ni ya mwenyewe." Mimi sikumfundisha.

WAISLAMU WA NCHI ILE

Inafaa vijana wajue pia kwamba katika wahamiaji wale walikuwamo Waislamu. Karibu na mji mdogo wa Ross, katika jimbo la North Dakota, wahamiaji wa Kiislamu kutoka Sham walianza kupata mashamba kwa sheria ile ile ya mwaka 1862, tangu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Huko ni nyika isiyo na miti mingi, basi si magogo waliyoyategemea. Lakini upweke na baridi vilikuwa vile vile, na ardhi nayo ilikuwa na wenyewe wa kwanza vile vile. Kwa miaka mingi walisali majumbani mwao, hata mwaka 1929 wakajenga msikiti, mmojawapo wa misikiti ya mwanzo kujengwa Marekani. Jengo lile lilibomolewa katika miaka ya 1970, na mwaka 2005 ukajengwa mwingine mdogo mahali pale, karibu na makaburi ya wazee hao.

Tulipolisikia hilo, binti yangu mdogo alikata kipande cha kitambaa cha kijani, mfano wa ukucha, akakitandika ndani ya kibanda pembeni, pasipo kitu. Ndiyo mswala.

JUU YA SANAMU NDOGO

Huenda mama mmoja akauliza: na vile vijitu vinavyokuja na matofali? Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na baina yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (s.a.w.) akamwuliza juu ya farasi mwenye mbawa; naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Kwa ajili ya haya wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere kwa watoto, na wengine wamekuwa wakali zaidi. Kila nyumba ifuate mwongozo wa shekhe wake bila ya kulaumu nyumba nyingine. Uwanja wetu sisi hauna vijitu. Moshi wa pamba juu ya dohani watosha kuonyesha kwamba ndani mna watu.

Kibanda kile kilikaa juu ya meza siku 12. Siku ya kumi na tatu watoto walikifumua, kwa kuwa mmoja alitaka kujenga jahazi. Matofali yakarudi kisandukuni, na meza ikawa tupu kama kwanza. Lakini juzi tulipita mahali mjini ambapo nyumba mpya inajengwa, ya ghorofa, nzuri ya kupendeza. Mwanangu akasimama, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nilijua atauliza nini, naye alijua kwamba nimejua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba za utulivu, zilizojengwa juu ya ardhi ya halali, na atupe ulimi wa kuwajibu watoto wetu kwa ukweli. Amin. Wa billahi tawfiq.